Maua Hayapandi Ghorofani

Kila mwaka mijakaranda ilipochanua, wanawake watatu walifunga kazi zao kwa siku moja wakaenda kukaa chini ya maua. Haikuwa sikukuu ya mtu yeyote. Walianza tu, mwaka mmoja ambao wote watatu walikuwa wamechoshwa na dunia, wakasema leo liwalo na liwe, wakabeba chupa ya chai na mkate, wakaenda kujibwaga kwenye majani kama watu wasio na kazi. Ikawanogea. Mwaka uliofuata wakarudia, na mwisho hata wateja wao wakajua kwamba mitaa ikigeuka zambarau, hawa watatu kuna siku hutawapata hata uwatafute kwa tochi.

Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwembamba wa mwili na mkali wa ulimi, ndiyo maana watu walimwita Sindano. Wa pili alikuwa muuguzi, mwanamke mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikuwa amestaafu, lakini jina la Nesi lilikataa kustaafu naye. Wa tatu alikuwa msusi katika saluni ya mtu. Kitana hakikubanduka kichwani mwake, amekichomeka kwenye nywele kama seremala anavyochomeka penseli sikioni, na tangu ujana aliitwa Kitana. Wakati mwingine hata yeye alihitaji kufikiri kidogo akiulizwa jina alilopewa na wazazi.

Sasa mwaka huu Kitana alikuwa hashuki. Mwisho wa mvua zilizopita alianguka kwenye ngazi za jengo analokaa, pale ghorofa ya tatu, palipokuwa pamepigwa deki na maji hayajakauka. Mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali walimtia chuma, na mwanawe pamoja na vijana wa jirani wakampandisha kwa machela mpaka chumbani kwake, ghorofa ya nne. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani. Mlango wake ulishageuka ubao wa matangazo ya vyumba vya kupanga. Siku za kliniki alibebwa kwa machela ileile, chini na juu, akiangalia dari kama kabati linalohamishwa. Kisha kliniki zikaisha. Daktari akasema mfupa umeunga, atembee kidogo kidogo kwa magongo. Akatembea: kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi sebuleni, na kurudi. Ngazi hakuzisogelea.

Mwanawe, fundi umeme, kijana wake wa pekee, ndiye aliyemhudumia. Alipika kabla ya kwenda kazini, alifua, alianika, alimkanda mguu kwa maji ya moto. Hakuna jirani aliyekuwa na la kusema juu ya kijana yule isipokuwa sifa. Kila mama yake alipotaja kushuka, alijibu, "Polepole mama. Haraka ya nini? Una shida gani hapa?" Na kweli, ukimuuliza Kitana ana shida gani, angekosa la kutaja. Alikula, alilala, alisikiliza redio. Mwanzoni wateja walimpigia simu kumjulia hali. Baadaye simu zikapungua, kisha zikanyamaza kabisa, naye akajiambia kwamba dunia ndivyo ilivyo, asiyekuwapo na lake halipo.

Asubuhi moja, akiosha kikombe, alitazama nje kupitia dirisha la jikoni. Katikati ya majengo mawili palikuwa na mwanya mwembamba, na kwenye mwanya ule, ambao siku zote ulikuwa na rangi ya bati na vumbi, aliona zambarau. Alisimama akaitazama mpaka maji yakajaa kwenye sinki. Kisha akafunga bomba, akampigia Sindano.

"Imechanua," alisema.

"Nimeiona. Sikutaka kukwambia, nisije nikakutonesha," alijibu Sindano. "Lakini usijali, mimi na Nesi tumeshapanga. Tutakata tawi zima tukuletee. Tutaliweka kwenye ndoo hapo sebuleni, tunywe chai yetu chini yake."

"Tawi la ndoo!"

"Sasa ulitaka tufanyeje? Maua hayapandi ghorofani yenyewe."

"Kama hayapandi, mimi nitashuka," alisema Kitana. Alipokwisha kulisema akagundua kwamba halikuwa neno la mzaha. "Jumamosi. Njooni asubuhi, mwanangu akishaenda kazini."

Jumamosi walikuja. Nesi alikuwa ameazima kiti cha magurudumu kutoka hospitali aliyofanyia kazi, akakiacha chini kwa mlinzi wa jengo. Sindano alikuja na mfuko mkubwa ambao hakutaka kusema una nini. Walimkuta Kitana amevaa gauni lake la buluu, amechana nywele, na kitana kimechomekwa pale pake. Sindano alipokiona akageukia dirishani, akijifanya anatazama hali ya hewa.

"Haya," alisema Nesi kwa ile sauti yake ndogo. "Nimezungumza na mlinzi. Yeye na mwenzake wanaweza kukubeba kwenye kiti, mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Sibebwi."

"Kitana, mguu wako haujazoea ngazi. Kwa magongo huwezi, nasema kama muuguzi."

"Nani kasema kwa magongo? Nimewaza usiku kucha. Nitashuka kwa makalio. Nakaa kwenye kipandio cha juu, nateremka cha pili, nateremka cha tatu, mpaka chini. Mtu aliyekaa tayari ataangukia wapi?"

Nesi alitafuta kosa katika mpango ule kwa ujuzi wake wote wa wodini, hakuliona.

"Watu watakuona," alisema Sindano.

"Wakinicheka, nitakuwa nimewachangamshia Jumamosi. Makalio haya nimeyalisha miaka yote bila kuyadai chochote. Leo na yenyewe yafanye kazi."

Basi wakatoka. Nesi alitangulia, akishuka kinyumenyume kipandio kimoja chini ya Kitana, mwili wake mkubwa ukiwa ukuta. Sindano alifuata nyuma na magongo, mkoba na mfuko wake. Kitana alishika chuma cha ngazi, akajishusha mpaka akakaa juu kabisa ya ngazi, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Saruji ilikuwa ya baridi. Alitazama chini, na ngazi zikamtazama, ndefu, za kijivu, hazina huruma. Akavuta pumzi. Akahamisha mikono, akajiinua, akashuka kimoja.

"Umeona?" alisema, hata hakujua anamwambia nani. Akashuka kingine.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Viganja viliwaka moto, mabega yakaanza kulia. Alikuwa hajafika kibaraza cha ghorofa ya tatu simu ilipoita ndani ya mkoba. Sindano akaitazama. "Mwanao. Niikate?"

"Lete."

"Mama," ilisema sauti ya kijana, "uko wapi? Mbona sauti inarudi kama uko kisimani?"

"Niko ngazini."

"Ngazini unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa ngazini? Umeanguka? Nani yuko hapo?"

"Mtu aliyeanguka hapokei simu kwa adabu hivi. Nashuka, mwanangu. Naenda kutazama maua na shoga zangu."

"Mama, nakuomba, usisogee. Kaa hapo hapo. Niko juu ya paa la watu huku, ngoja niteremke nije."

"Wewe teremka polepole kwenye ngazi yako, na mimi nateremka polepole kwenye yangu. Ukija utanikuta nimeshaondoka." Akamrudishia Sindano simu.

Hapo ndipo walipofika kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu.

Kilikuwa kikavu. Hapakuwa na ndoo wala tambara. Palikuwa na mlango wa jirani na pea ya viatu vya watoto, basi. Lakini Kitana alipokiona, mwili wake ulikataa. Miezi yote ile alikuwa amepita hapa kwa machela, macho yakiwa juu, na dari halikumbushi kitu. Sasa aliona pembe ya kipandio ambayo paja lake lilipiga. Alisikia tena ile sauti, kavu, kama kuni inavyovunjwa. Jasho likamtoka shingoni. Alikaa pale, mikono imeshika saruji. Nesi aliyajua maneno mengi ya kumtuliza mgonjwa, lakini aliyaacha yakae. Hata Sindano alinyamaza, na hilo si jambo la kila siku.

Kitana alinyoosha kiganja, akapangusa sakafu ya kibaraza, upande huu na upande ule, taratibu, kama mtu anayepangusa meza kabla ya kuandaa chakula. Akaangalia kiganja. Vumbi tu.

"Pamekauka," alisema.

"Pamekauka," aliitikia Nesi.

Akahamisha mikono, akajiinua, akateremka hadi kwenye kibaraza, akajivuta juu yake, akakivuka chote, akaanza ngazi za upande wa pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Ghorofa ya pili walikutana na baba mmoja anapanda na mtungi wa gesi begani. Alisimama, akawatazama wanawake wale watatu waliopangana kama mabehewa.

"Shikamooni. Kuna nini hapa?"

"Marahaba. Kuna foleni," alisema Kitana. "Tua mzigo, baba, upumzike."

Yule baba akatua, akacheka, akajibanza ukutani mpaka msafara ukapita. Kutoka hapo Kitana alishuka anacheka na kuhema kwa pamoja, na walipofika chini mlinzi wa jengo alisimama akapiga makofi. Gauni la buluu lilikuwa limegeuka rangi ya simenti kwa nyuma. Sindano ndipo alipofungua ule mfuko wake, akatoa gauni jipya, la zambarau, lenye mifuko miwili mikubwa.

"Nilijua utaharibu hilo," alisema. "Ingia kwenye kibanda cha mlinzi ubadilishe. Na usinishukuru, kitambaa kilibaki cha mteja."

Kitambaa hakikubaki cha mteja yeyote, na Kitana alilijua hilo, lakini alimwachia.

Njia haikuwa mbali. Sindano alisukuma kiti cha magurudumu kwenye lami iliyojaa mashimo, na kila shimo Kitana alilisikia mfupani.

"Unasukuma kama unakanyaga cherehani."

"Na wewe unakaa kama malkia. Kaza meno."

Jua lilikuwa la asubuhi bado. Kitana alivuta harufu ya barabara: moshi wa magari, mkate wa dukani, maji ya mfereji. Hata harufu ya mfereji aliifurahia. Watu walipita karibu naye, wakimgusa bega, wakimwomba radhi. Alikuwa amesahau kwamba watu wana ukubwa ule. Kwa muda mrefu aliwaona kutoka juu tu, vichwa vinavyotembea.

Wakakata kona ya maktaba, na barabara ikawafungukia.

Miti ilisimama pande zote mbili, matawi yamekutana juu kama watu walioshikana mikono, na hapakuwa na jani hata moja, ni maua matupu. Chini nako maua. Lami haikuonekana. Magari yaliyoegeshwa yalikuwa na vilemba vya zambarau. Mwanamume mmoja alilala kwenye benchi, amefunika uso kwa gazeti, na maua yalishaanza kulifunika gazeti lenyewe. Mfagiaji wa barabara alikuwa ameegemea fagio lake, anatazama tu.

"Leo hufagii, mwenzetu?" Sindano alimuuliza.

"Nafagia hapa, nikifika pale, hapa pamejaa tena," alijibu yule mama. "Nimeyaachia yashinde. Mimi na yenyewe tutaonana wiki ijayo."

Mti wao ulikuwa mbele, mkubwa, wenye mizizi iliyoinua vigae vya njia ya miguu. Nesi alitaka Kitana asukumwe mpaka chini yake. Kitana akaweka miguu chini.

"Nipe magongo."

"Maua yanateleza," alisema Nesi. "Tafadhali. Umeshashuka ghorofa zote hizo, bado unataka nini?"

"Nataka kuufikia mti wangu nikiwa nimesimama."

Nesi akatazamana na Sindano. Halafu akampa magongo, akaenda upande wa mguu mbovu. Kitana alisimama. Aliweka gongo, akalibonyeza kuona kama limeshika, akavuta mguu. Vikengele vya maua vilipasuka chini ya nyayo zake, pap, pap, kama watoto wanapovikanyaga makusudi. Katikati ya njia gongo moja liliteleza kweli. Mwili ukaenda kando, Nesi akanyoosha mkono, Sindano akapiga kelele. Kitana alishika shina la mti uliokuwa karibu, akalikumbatia kwa nguvu zote, shavu kwenye gome.

Kisha Kitana akaanza kucheka. "Jamani, nimekosea mti. Wetu ni ule."

Aliufikia. Walitandika khanga, wakamkalisha kwa kuegemea shina, mguu umenyooshwa juu ya mkoba. Wakafungua chupa ya chai, wakamenya mayai ya kuchemsha, wakakata mkate. Ua moja likaangukia kwenye kikombe cha Nesi, akalitoa kwa kidole, akanywa. Kwa muda mrefu hawakuzungumza lolote la maana. Sindano alisimulia juu ya bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa suti na kuivaa. Nesi alilalamika kwamba tangu astaafu majirani wote wanaugua usiku. Kitana alisikiliza huku ameinua uso, na kila upepo ulipopita maua yalidondoka, moja, mawili, mengi, bila haraka.

Hapo ndipo alipotokea msichana mmoja aliyevaa sare ya benki, anapiga picha matawi. Aliinamisha simu, akamwona Kitana, akasimama kama aliyeona mzuka.

"Shangazi! Ni wewe?"

Kitana alimtambua. Kichwa kile alikisuka tangu msichana yuko shule, alijua mpaka kovu lililo nyuma ya sikio la kushoto. "Karibu mwanangu. Mbona unashangaa hivyo?"

"Shangazi, sisi tuliambiwa umeacha kazi! Tuliambiwa umehamia kwa ndugu zako, hutaki usumbufu. Mimi nilipiga simu yako usiku zaidi ya mara moja, nikajibiwa umelala, usisumbuliwe."

"Nani alikujibu?"

Msichana alihisi kwamba amekanyaga pasipokanyagwa. "Mwanao," alisema kwa sauti ya chini. "Na mwenye saluni naye alisema ndivyo alivyoelezwa. Hata kiti chako amempa msusi mwingine. Shangazi, sikujua kama hujui."

Kitana alimshika mkono, akamwambia hakuna ubaya, akampa kipande cha mkate. Msichana alikula kwa aibu, akaaga, akaondoka. Sindano alisubiri afike mbali.

"Yule mtoto wako atanijua leo," alianza. "Nikimkamata!"

"Nyamaza kidogo," alisema Kitana.

Alikaa ameshika kikombe kilichopoa. Hasira ilikuwapo. Lakini chini ya hasira palikuwa na kitu kingine, na ilimchukua muda kukijua, maana alikuwa hajaonana nacho siku nyingi. Kumbe hawakumsahau. Miezi yote ile aliyolala akihesabu kwamba dunia imemvuka, kumbe watu walikuwa wanapiga simu.

Akatoa simu mkobani, akampigia mwenye saluni.

"Dada!" alisema mwenye saluni. "Kitana, unajua mimi, mwanao alisema, na kiti kikakaa tupu, na kodi..."

"Sikukupigia kukulaumu. Nimekupigia kukwambia kwamba Jumatatu nakuja kazini."

"Jumatatu? Mguu je?"

"Mguu hausuki. Mikono ndiyo inasuka."

"Lakini dada, utasimamaje kutwa nzima?"

"Sisimami. Mama zetu walisuka wamesimama? Nitakaa mimi kwenye kiti, mteja atakaa kwenye kigoda mbele ya magoti yangu. Nafasi aliyopewa mwingine sitaki kumnyang'anya. Nipe ile kona ya dirishani unapoweka maboksi ya mafuta."

Mwenye saluni alisikika akisogeza kitu sakafuni. Kisha akasema, polepole, "Hayo maboksi naweza kuyahamishia stoo."

"Basi yahamishe."

Alipokata simu, Nesi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga na Sindano alikuwa anamimina chai bila kuangalia, ikimwagika kwenye maua. Hawakumpongeza. Walikaa mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara, wakala mkate wote, wakabishana juu ya mwaka gani mvua iliwanyeshea, na Kitana akapitiwa na usingizi mfupi ameegemea bega la Nesi. Siku yenyewe hakutaka kuikatisha kwa ajili ya ugomvi. Ugomvi ulikuwa unamsubiri nyumbani, na haukuwa na pa kwenda.

Na kweli ulimsubiri. Walipofika jengoni, mwanawe alikuwa amekaa kwenye ngazi za chini, bado na mkanda wa vifaa kiunoni, uso umemvimba kwa wasiwasi. Alisimama haraka. Aliwasalimia wakubwa wake kwa heshima, "Shikamooni," akaitikiwa, na Sindano alipotaka kuongeza neno Nesi alimvuta mkono, wakaaga.

"Nilikutafuta," alisema kijana. "Nimezunguka mitaa yote. Simu hupokei."

"Nilikuwa napumzika. Umefika mtaa wa maktaba?"

"Sikufikiri ungeweza kufika kule."

"Ndiyo," alisema Kitana. "Hukufikiri."

Kijana aliinama kumbeba. Alizoea kumbeba, mikono yake ilikwenda yenyewe. Kitana alimzuia kifuani kwa kiganja kilichochubuka.

"Sitaki. Wewe kaa kipandio kimoja chini yangu. Nikiteleza, unizuie. Usipoona nimeteleza, usiniguse."

Akakaa, akatazama nje kuelekea mlangoni, akaanza kupanda kinyumenyume, akijiinua kwa mikono. Kupanda kulikuwa kugumu mara mbili. Kijana alifuata, amechuchumaa chini yake, mikono wazi kama anayengoja kudaka mpira. Walipofika ghorofa ya kwanza Kitana alipumzika.

"Uliwaambia watu nimeacha kazi."

Kijana hakuuliza ni nani aliyemwambia. Alitazama vidole vya miguu ya mama yake.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila walipopiga ulikuwa unasema unataka kurudi. Na ukirudi utapita hapa kila siku." Aliushika mkanda wa vifaa kiunoni. "Mama, mimi ndiye niliyekukuta pale juu. Nilisikia kelele yako niko ndani nakunywa chai. Mpaka leo nikisikia mtu anashuka ngazi, nasimama. Hata kazini. Nikasema heri akae ndani, nimtunze, kuliko nisikie tena ile kelele."

Kitana alimtazama. Alimwona mtoto, na alimwona mwanamume aliyekonda, na akajilaumu kwamba hakuona kukonda kule. Lakini hakulegea.

"Nimekusikia," alisema. "Umenitunza, na Mungu atakulipa, kwa sababu mimi siwezi. Lakini umenizika, mwanangu. Umewaambia watu maneno ambayo huambiwa waombolezaji. Mimi nililala humo ndani nikidhani hakuna anayeniuliza."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado nimekasirika, ngoja ipite. Na Jumatatu nakwenda kazini."

Kijana alifumba macho. "Kwa ngazi hizi?"

"Kuna nyingine? Lifti ukiweza itengeneze, wewe si fundi? Mpaka hapo, nitashuka hivi hivi. Na hofu yako siwezi kukubebea, nina mguu wa kubeba. Hiyo utashuka nayo mwenyewe."

Wakaendelea. Kipandio, pumzi, kipandio. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu ni kijana aliyesimama, akageuza uso ukutani. Kitana alimngoja. Alimwambia aketi kidogo, na wakaketi wote wawili pale pale sakafuni, bega kwa bega, mpaka watoto wa jirani wakafungua mlango na kuwauliza kama wamepoteza ufunguo.

Jumapili Kitana hakuweza kuinua hata kijiko, kwa maumivu ya mabega. Kijana alipika, naye alikula, na bado hawakuzungumza sana.

Jumatatu asubuhi alitoka ndani na magongo yake, amevaa gauni la zambarau. Kijana alikuwa tayari mlangoni. Alishika mkoba wake, akashuka kipandio kimoja chini, akageuka kumtazama, akangoja. Hakunyoosha mikono. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, lakini alingoja.

Walifika saluni saa za wateja wa kwanza zimeshapita. Kona ya dirishani ilikuwa imefagiliwa, pana kiti chenye mgongo na kigoda mbele yake. Mwenye saluni alimkumbatia kwa muda mrefu. Yule msusi mpya, msichana mwenye kucha nyekundu, alimpa mkono kwa woga, na Kitana akamwambia msuko wake wa mstari wa mbele umenyooka vizuri, nani kamfundisha.

Msichana wa benki, aliyepata habari kwa mwenye saluni na kuomba ruhusa kazini, alikuwa ameketi kwenye benchi la kungojea tangu mapema. Alikuja akakaa kwenye kigoda, akaegemeza mgongo kwenye goti la mguu mzima wa Kitana.

"Nywele zako zimekauka hivi kwa nini?" alisema Kitana. "Inamisha kichwa."